Komando na Ova Mbili

Jina la Komando alipewa na madereva wa malori, siku ile alipomrudisha mmoja wao nje kwa miguu kwa sababu alitaka kuingia bila kibali. Hakumgusa. Alifungua mlango wa lori, akamwangalia, akasubiri. Dereva alibishana kidogo, akatukana kidogo, mwishowe akashuka mwenyewe. Tangu hapo kiwanda kizima cha maziwa kikasahau jina alilozaliwa nalo. Hata mhasibu akimwita dirishani alisema Komando, naye akaitika.

Alikuwa mlinzi wa geti la nyuma, lile la kupakia mizigo. Watu hudhani kazi ya mlinzi ni macho, lakini kwa kweli ni miguu. Alisimama lori likiingia, alisimama likitoka, na kati ya hayo mawili alisimama ili asionekane amekaa. Kibandani kulikuwa na stuli, ila ilibaki ya kuwekea chupa ya maji tu, maana kila alipoikalia msimamizi alitokea kana kwamba kaitwa. Miaka ilivyosogea, mishipa ikamvimba nyuma ya magoti. Akifika nyumbani alilala chali sakafuni, miguu kaiegemeza ukutani, na mumewe, fundi seremala, alimletea beseni la maji ya moto bila kuambiwa.

Kwa hiyo aliposikia kwamba mtu wa chumba cha redio anaacha kazi, moyo ulimdunda. Chumba hicho kilikuwa ghorofani, juu ya ofisi ya ulinzi. Kilikuwa na meza, feni, kiti chenye mgongo, na redio iliyopokea sauti za walinzi wote. Aliyekaa pale kazi yake ilikuwa kusikiliza nani kasema nini, kisha kumpasha anayehusika: fundi, stoo au meneja. Kazi ya masikio na mdomo. Masikio Komando alikuwa nayo. Mdomo ndio uliokuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ililetwa na meneja mpya.

Meneja huyu alitoka mbali, Kiswahili hakijui hata cha salamu, na alipenda kutembea na redio kiunoni ajue kinachoendelea. Siku yake ya kwanza alisikiliza walinzi wakipashana habari asubuhi hadi jioni asiambulie neno. Kesho yake amri ikatoka: redioni ni Kiingereza tu.

Msimamizi wa walinzi, ambaye wote walimwita afande, aliisoma amri hiyo kwenye gwaride la asubuhi kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu.

"Kiingereza, mmesikia. Anayekijua aseme. Asiyekijua aseme kidogo."

"Na asiyekijua kabisa, afande?" aliuliza Chiriku.

"Anyamaze. Lakini akinyamaza na mwizi akaingia, tutaonana ofisini."

Walicheka, na Chiriku akacheka kuwashinda wote. Alikuwa mlinzi wa geti la mbele, mwembamba, mwenye maneno yasiyomkauka mdomoni. Kiingereza alikitafuna, au angalau hivyo ndivyo walivyoamini, kwa kuwa hapakuwa na mlinzi mwenzake wa kumpima. Na yeye pia alikitaka kile kiti. Afande akasema watajaribiwa wote wawili: huyu akae redioni kwa siku kadhaa, kisha yule, halafu meneja achague.

Nyumbani Komando alikuwa na mwalimu wa bure, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na aliishi nao akingoja kupangiwa shule nyingine. Mtu mwema, hakuna la kusema. Alifua bila kuombwa, watoto walimganda shangazi yao kutwa nzima. Lakini akianza kufundisha alibadilika sauti na hata urefu. Fimbo hakuwa nayo, alitumia mwiko.

Somo lilikuwa Jumamosi mchana, jikoni. Komando kakaa kwenye kigoda na karai la viazi, wifi kasimama karibu na jiko.

"Leo, wifi, tunajifunza kusema jambo linalojirudia," alisema mwalimu. "Kwa Kiswahili ungesemaje?"

"Inategemea linajirudia vipi. Mara kwa mara. Tena na tena. Au mtu analialia, anaulizauliza, anapitapita mbele ya nyumba za watu."

"Basi kwa Kiingereza sema again and again. Tunga sentensi."

Komando alimenya kiazi kizima akifikiri.

"I again and again open gate."

"Hapana. Hiyo inakaa mwisho. I open the gate again and again."

"Mbona mwisho? Mimi ninalotaka lisikike kwanza ni kwamba nimechoka kurudia."

"Ndivyo ilivyo, wifi. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Kila aliporudia, maneno hayo matatu yalishikana yakawa moja, na wifi akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akamtenganishia: again, kisha and, kisha again. Komando akiyatenganisha yalitoka kama kikohozi, akiyaunganisha yalipotea njiani. Mwishowe wifi akashindwa kujizuia.

"Unasema kama pikipiki inayokataa kuwaka," alisema, akacheka.

Watoto waliokuwa mlangoni wakadakia hapo hapo. Wakazunguka uani wakiendesha pikipiki, agenagenagen, mmoja kashika usukani, mwingine kapakiwa nyuma. Komando akaweka kisu chini. Aliviangalia viazi vilivyobaki, akaona aibu kwamba macho yanamwasha, mtu mzima aliyezoea kuyasimamisha malori.

Wifi akaona amezidisha, akalegeza sauti. "Basi ipo nyingine, nyepesi. Over and over. Maana ni ile ile. Tumia yoyote."

"Ova?"

"Over and over."

"Ova naijua, wifi. Naisema kutwa nzima. Ova ni kwamba nimemaliza, zamu yako kusema."

"Hiyo ni ya redioni. Hii ni nyingine."

"Lakini mimi naongea redioni."

"Ikiwa peke yake ni kumaliza. Zikiwa mbili ni kurudia."

Komando akamkazia macho. "Yaani kitu kikiisha mara moja kimeisha, kikiisha mara mbili hakijaisha?"

Sebuleni kikasikika kicheko cha mumewe, kikageuzwa kikohozi haraka.

"Wifi," alisema mwalimu, "ukidai sababu ya kila neno hutajifunza lugha mpaka unazeeka. Sema: the baby cries over and over."

Akasema. Na ajabu, haikumkwama. Ulimi uliokuwa umeizoea ova kwa miaka uliipita ile mbili bila kujikwaa. Wifi akapiga makofi. Wiki ile nzima Komando alitunga sentensi kichwani akiwa getini: jirani anaomba chumvi over and over, afande anapita over and over, magoti yananiuma over and over. Akaanza kuipenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na kipande cha Kiingereza ambacho hakuogopa kukitoa.

Zamu ya kwanza ya kukaa redioni ikawa ya Chiriku. Siku moja asubuhi, lori la chupa tupu likakwaruza nguzo ya geti la nyuma. Komando akabonyeza redio bila kufikiri, akasema kwa Kiswahili kwamba lori limegonga nguzo, aje mtu aangalie. Kabla Chiriku hajajibu, sauti ya meneja ikaingia katikati, taratibu, bila hasira, ikisema "English, please." Walinzi wote walisikia. Dereva wa lori naye alisikia, maana redio ilikuwa imefunguliwa sauti yote. Alimwangalia Komando kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi kuliko kitu chochote.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali, kengele ya chumba cha baridi ikaanza kulia.

Kilikuwa chumba cha siagi, pale penye jukwaa la kupakia, mkabala na geti lake. Kengele ile huita mlango usipofungwa vizuri. Kwa kawaida haifiki mbali kabla mpakiaji hajausukuma mlango kwa bega. Lakini siku hiyo wapakiaji wote walikuwa wamepelekwa upande wa pili kushusha makreti. Kengele ikalia, ikanyamaza, ikalia, ikanyamaza. Komando aliuona mlango umeachia upenyo. Angeweza kwenda kuusukuma na kurudi, ila lori lilikuwa limeingia nusu, geti liko wazi, na kuliacha geti wazi lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi bila maelezo.

Akachukua redio. Kiswahili chake kilikuwa tayari, kimekamilika: kengele ya chumba cha siagi inalia inanyamaza, inalia inanyamaza, tuma mtu afunge mlango. Kilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi. Akaikumbuka ile sauti ya jana, akakimeza.

"Control, back gate," alisema, akikiita chumba cha redio. "Butter room alarm ringing over..."

Hapo kidole gumba chake kikaachia kitufe. Hakukiambia kiachie. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, kila aliposema ova kidole kilijua kwamba maneno yamekwisha. Akashtuka, akabonyeza upya huku akisema "and", na ile "and" ikamezwa na mkwaruzo ambao redio zile hutoa zikifunguka. Kilichopita hewani kikawa "over" nyingine, peke yake.

"Copy, back gate," alijibu Chiriku, yaani amesikia. "Thank you. Over."

Komando akashusha pumzi. Alijiona amesema vizuri. Akaendelea na lori lake huku jicho moja liko kwenye jukwaa, akingoja mtu atokee. Hakutokea mtu. Kengele ikalia tena. Akarudia maneno yale yale, na kidole kikafanya yale yale.

"Copy, copy," alisema Chiriku.

Mara ya tatu alipaza sauti kidogo, kana kwamba tatizo lilikuwa umbali.

"Back gate, I copy," Chiriku alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. "No problem. Over."

Komando akaelewa hiyo "no problem" kuwa wanajua, fundi yuko njiani, aache kuwasumbua. Muda si mrefu kengele ikanyamaza kabisa. Akaona basi, limeshughulikiwa. Hakujua kwamba mtambo wa baridi, baada ya kuhangaika na joto lililokuwa likiingia mlangoni, ulikuwa umejizima wenyewe, na kengele ikazimika nao.

Wapakiaji waliporudi jioni walikuta maboksi yamelowa chini, na siagi inatoka kwenye kona zake, ya njano, laini, ikiteleza sakafuni hadi nje ya mlango.

Asubuhi wakaitwa kwa meneja. Meneja alikaa nyuma ya meza, afande kasimama pembeni awe mkalimani, Chiriku na Komando kwenye viti viwili vilivyowekwa karibu mno. Redio ile ilikuwa na chombo cha kurekodi, hivyo wakasikilizishwa mazungumzo yote. Komando alijisikia akisema, na hata yeye mwenyewe hakuisikia ile "and". Alarm ringing over. Kimya. Over.

Chiriku aliulizwa alielewa nini. Akajibu kwa Kiingereza, kisha, kwa kuwa Komando alikuwa akimtazama, akarudia kwa Kiswahili.

"Nilisikia kengele imeisha kulia. Ova ya kwanza ni imeisha, ova ya pili ni amemaliza kusema. Mara tatu akanipa habari njema ile ile. Nikajiuliza huyu leo ana furaha gani."

"Na wewe ulimaanisha nini?" afande alimuuliza Komando.

"Inalia over and over. Inalia bila kukoma."

Afande akafasiri. Meneja akasema maneno mengi, akiwa ameviweka vidole vyake mezani, uso wake ukiwa wa mtu anayejaribu kutenda haki.

"Anasemaje?"

"Anasema ulivyotaka kusema ni sahihi."

"Sasa kosa langu liko wapi?"

Afande alikuna shingo. "Anasema siagi imeyeyuka."

Hapo Komando akahisi kitu kikimpanda kifuani. Usiku mzima alikuwa ameyapanga maneno, na aliyapanga kwa lugha yake, yakapangika. "Mwambie hivi, afande. Mwambie nilikuwa na Kiswahili chake kizima mdomoni. Ningesema hivyo, Chiriku angeelewa kabla sijamaliza. Mwambie nilikimeza kwa sababu yake."

Afande akamgeukia meneja, akasema kwa kifupi, "She is sorry, sir."

Kiingereza cha Komando kilikuwa kidogo, lakini hicho kilimtosha. Akasimama.

"Sikusema sorry."

"Kaa chini," afande alisema.

"Nimesema maneno mengi. Wewe umesema moja, tena si langu."

"Komando. Kaa."

Meneja akawaangalia wote wawili, akangoja afasiriwe, na hakufasiriwa. Komando akajaribu mwenyewe. "I no sorry," alisema. "I have Swahili. Ready. In mouth." Akaonyesha mdomo wake kwa kidole. Meneja akaitikia kwa kichwa polepole kwa heshima, namna watu wanavyofanya wakiwa hawajaelewa, akasema "Thank you." Kikao kikaisha.

Wote wawili walipewa onyo. Kiti cha redio akapewa mtu kutoka nje ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Jioni hiyo Komando aliingia nyumbani akapita moja kwa moja jikoni. Wifi yake alikuwa anaosha vyombo.

"Uliniambia nitumie yoyote," alisema Komando.

Wifi akageuka, mikono ina povu. Akaelezwa kisa chote, na kadiri alivyoelezwa alizidi kukunja uso, ila si kwa sababu Komando aliyoitarajia.

"Lakini wifi, sentensi ni sahihi. Kosa ni redio."

"Hata meneja kasema ni sahihi. Siagi haikusikia."

"Sasa unanilaumu mimi kwa kidole chako?"

"Nilikuambia. Hapa hapa, nimekaa pale, nilikuambia ova ni kumaliza. Ukaniambia nikidai sababu nitazeeka. Ukanichekea mbele ya watoto wangu."

Wifi akajifuta mikono, akaingia chumbani kwake, na mlango ukafungwa taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angeubamiza.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na baridi. Mawifi hao wawili waliongea kupitia watoto. Mwambie shangazi yako chakula tayari. Mwambie mama yako mimi nimeshiba. Mume alikuwa katikati, huyu mkewe, yule dada yake, na kila aliyemsikiliza alidhaniwa anamuunga mkono. Akagundua kwamba ana kazi nyingi sana karakana. Alipiga randa mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa randa, na akirudi nyumbani alileta maranda ya kuwashia moto, rundo kubwa, kama zawadi.

Kilichomkera Komando si lile onyo. Alikuwa amewahi kuonywa. Kilichomkera ni kwamba alikuwa amejifunza. Angekuwa mvivu, au angebabaisha, angekubali. Yeye alikaa na viazi vyake, akarudia hadi ulimi ukauma, akasema kitu sahihi mahali palipotakiwa kitu sahihi, na matokeo yake ni siagi sakafuni. Kila alipolifikiria hilo alirudi mwanzo, na kila aliporudi mwanzo hasira ilikuwa mpya.

Siku moja alisahau chakula chake nyumbani. Mchana akamwona wifi yake anakuja kwenye barabara ya nyuma ya kiwanda, na kopo la chakula kwenye mfuko wa plastiki. Walisalimiana kama watu wanaokutana hospitali. Wifi akampa kopo, lakini hakuondoka. Akasimama kwenye kivuli cha kibanda. Malori yaliingia na kutoka. Redio iliongea, na Komando akajibu. Lorry in, over. Gate closed, over. Wait small, over. Kila sentensi na ova yake, na kila ova kidole cha Komando kikaruka juu, chenyewe, huku macho yake yako kwingine kabisa.

Wifi alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kila sentensi," alisema.

"Kila sentensi."

"Mimi nilidhani ni ya mwisho tu, mkiagana."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Akaukunjakunja mfuko wa plastiki. "Nilikufundisha kama ninavyofundisha darasani. Kule mtoto akikosea anafutiwa ubaoni, basi. Nilikuona una maswali mengi, nikadhani unakwepa kusoma."

Komando alisogeza chupa ya maji, akaivuta stuli hadi kivulini. "Kaa, wifi. Jua kali." Wifi akakaa, na siku hiyo afande hakutokea. Walikula pamoja, wakipokezana kijiko kimoja.

Na Chiriku naye, baada ya wiki kadhaa za kumkwepa, alimfuata kwenye bomba la kunawia mikono.

"Ile mara ya tatu," alisema bila salamu, "nilijua kuna kitu. Mtu hasemi mara tatu kwamba kengele imeisha. Nilitaka kukuuliza kwa Kiswahili."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Meneja alikuwa akisikiliza redioni. Nilisikia mkwaruzo wake. Nikaogopa nitaonekana sijui." Akafunga bomba. "Ndiyo maana nikasema no problem. Nikiwa sielewi huwa nasema hivyo."

Komando alikuwa amemchukia kwa wiki hizo zote, na chuki ile ilikuwa imemsaidia kuamka asubuhi. Sasa alitafuta ilipo asiione sawasawa. "Ungeniuliza tu," alisema, akaondoka bila kukausha mikono. Hakumsamehe siku hiyo. Alimsamehe baadaye, kidogo kidogo, bila kumwambia.

Haikupita muda meneja akatoa amri nyingine: kwenye dharura, mlinzi aseme kwa lugha yoyote aliyo nayo, Kiingereza kifuate. Ilisomwa kwenye gwaride kama wazo jipya lililotoka ofisini kwake. Siagi haikutajwa. Komando aliisikiliza amesimama wima, akiuma shavu kwa ndani.

Yule mtu kutoka nje hakudumu. Alipata kazi kwingine, akaondoka katikati ya mwezi, na afande akaja hadi geti la nyuma kumwuliza Komando kama bado anakitaka kile kiti.

"Kuna majaribio tena?"

"Hakuna majaribio. Meneja amesema wewe. Anasema anakukumbuka."

"Ananikumbuka kwa siagi."

"Mimi sijui anakukumbuka kwa nini. Unataka au hutaki?"

Alikitaka. Akapanda ghorofani, akakaa. Miguu ikaanza kupona, si haraka, lakini jioni hakuhitaji tena kuiegemeza ukutani. Kilichoanza kumuuma sasa ni masikio, kwa ile mikwaruzo ya kutwa nzima, na shingo, maana kiti kilikuwa kirefu kwa mbele na kifupi kwa nyuma. Mumewe alikuja siku ya mapumziko, akakipunguza miguu ya mbele kwa msumeno. Wifi yake alikuwa amekwishapangiwa shule, mbali, na siku hizi walisoma kwa simu, Komando akiuliza kwa nini, na kwa nini tena, na mwalimu, kwa kujitahidi sana, akijibu.

Kulibaki jambo moja. Alilingoja hadi siku afande alipoingia chumba cha redio kuchukua funguo na hapakuwa na mtu mwingine.

"Afande, ile siku kwa meneja. Mbona ulisema sorry?"

Afande hakujifanya amesahau. "Nilikuokoa. Ungesema yale maneno yote, ungefukuzwa."

"Huenda. Lakini yalikuwa yangu."

"Nimefanya kazi na mameneja wengi, Komando. Wanachotaka ni hiyo sorry. Ukishawapa, wanakuacha uendelee kula mkate wako."

"Hukuniokoa. Ulininyamazisha, halafu ukanisemea."

Afande alisimama na funguo mkononi. Alikuwa mtu mzima kuliko yeye, mwenye mvi kwenye masharubu, na pengine hakuna mlinzi aliyewahi kumwambia hivyo uso kwa uso. Ilionekana kama anataka kujibu, kwamba jibu lipo, na kwamba haliwezi kutoka kwa lugha yoyote.

"Haya," alisema mwishowe. Akashuka ngazi.

Komando alikaa akisikiliza viatu vyake hadi vikafika chini. Hakujisikia vizuri kama alivyotarajia. Alikuwa amelisema, limesikika, na bado halikumtoka kifuani. Redio ikakwaruza. Geti la mbele lilikuwa linaita, naye akasogeza kiti, akabonyeza.